Kete za Wapagazi

Msomaji wa jarida la Strategy & Tactics katika miaka ya 1970 alipochana bahasha iliyoletwa na posta alikuta vitu viwili. Kwanza jarida lenyewe, na ndani yake makala ndefu juu ya vita fulani vya zamani: nani alipigana na nani, kwa silaha gani, kwa nini mmoja alishinda. Pili, vita hivyo hivyo vikiwa tayari kupiganwa upya: ramani iliyokunjwa, kijitabu cha kanuni, na karatasi ngumu iliyokatwa viraba vidogo vya kubandua kwa kidole. Akishasoma jinsi jemadari fulani alivyoshindwa, alitandaza ramani mezani, akamwita rafiki, akajaribu kufanya yale ambayo jemadari yule hakuyafanya.

Jarida hilo lilianzishwa Januari 1967 na Chris Wagner, sajini wa jeshi la anga la Marekani aliyekuwa kazini Japani. Mwaka 1969 likachukuliwa na James Dunnigan wa New York, ambaye aliunda kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la SPI na akaamua kwamba kila toleo litoke na mchezo mzima ndani. Kampuni ilianguka mwaka 1982, jarida likapita mikononi mwa wenyewe kadhaa, na mpaka leo lingali linachapwa. Ninalipenda kwa ajili ya uamuzi ule wa 1969. Makala ya historia hukuomba umwamini mwandishi. Mchezo hukukabidhi hoja yake uisukume mwenyewe uone kama itasimama.

Chukua Waterloo. SPI ilikuwa ikiwapa wateja wapya mchezo mdogo ulioitwa Napoleon at Waterloo, bure, ili wajifunze. Siku ni 18 Juni 1815. Mvua imenyesha usiku kucha, Napoleon amechelewa kuanza mpaka karibu saa sita mchana akingoja ardhi ikauke, na upande wa mashariki Waprussia wa Blücher wako njiani. Kitabu kinaweza kukueleza kwamba kuchelewa kule ndiko kulikompotezea taji, nawe ukaitikia na kufungua ukurasa unaofuata. Lakini ukikaa upande wa Wafaransa, kila zamu inapopita unatupia jicho ukingo wa ramani watakakotokea Waprussia, na Waingereza bado wako juu ya kilima chao vile vile, hapo unaijua saa kwa tumbo. Sijakutana na aya ya kitabu iliyoweza kunifanyia hivyo.

Kinachobeba hayo yote ni kete. Ishike moja uitazame vizuri. Ni mraba wa karatasi ngumu, upande wake nusu inchi. Rangi yake ni ya jeshi lake. Katikati pamechorwa kisanduku. Kikiwa na mistari miwili iliyopishana, hao ni askari wa miguu. Mstari mmoja wa mshazari, askari wa farasi. Nukta nene, mizinga. Na kwa vita vya karne ya 20, umbo la yai, vifaru. Juu ya kisanduku kuna vialama vya ukubwa wa kikosi: XX ni divisheni, III ni rejimenti. Chini kuna namba mbili. Ya kwanza ni nguvu ya kupigana, ya pili ni hatua kinazoruhusiwa kwenda kwa zamu moja. Basi. Divisheni nzima, watu elfu kumi na zaidi pamoja na wapishi wao, waganga wao, watumishi wao na nyumbu wao, imekuwa namba mbili. Alama zenyewe ni za kijeshi, lakini aliyezipanga juu ya kete zikasomeka upesi ni Redmond Simonsen, msanii wa SPI, na kazi yake ni nzuri kwelikweli. Macho yakishazoea, meza nzima huanza kuzungumza.

Mapigano nayo ni hesabu. Mshambuliaji anajumlisha nguvu za kete zake zilizomkaribia adui, analinganisha na nguvu za adui, anapata uwiano: mbili kwa moja, tatu kwa moja. Anarusha dadu, anasoma jedwali. Adui arudi nyuma, au mshambuliaji arudi nyuma, au wote wapate hasara. Mcheza bao wa Zanzibar angeitambua mara moja raha ya kupiga hesabu za mbele huku mpinzani akijifanya hatazami. Lakini bao halina mahali wala tarehe. Kete zake zote ni sawa na haziwakilishi mtu. Katika michezo hii kila kete ni ya watu fulani waliokuwapo siku fulani, na mbunifu anapoandika 4 badala ya 5 juu ya divisheni ametoa hukumu juu yao: uwezo wao, silaha zao, maofisa wao, uchovu wao. Ndiyo maana naihesabu kazi hii kuwa ni uandishi wa historia, na naitaka ibebe wajibu ule ule.

Asili ya michezo hii ni Prussia. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimtengenezea mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu meza yenye vipande vya kupanga milima na mito. Mwana wa Reisswitz, luteni wa mizinga, akaiboresha: mwaka 1824 alileta kanuni mpya zenye ramani sahihi, dadu, na mwamuzi aliyejua siri za pande zote mbili. Jenerali von Müffling, mkuu wa makao makuu ya jeshi, alikuja kutazama kwa shingo upande na akaondoka akiamini kwamba ameona shule ya vita. Mfalme akaagiza rejimenti zake zipewe. Kijana yule hakufaidi matunda ya kazi yake. Alijiua mwaka 1827.

Njia ya pili ilipita sakafuni, kwa watoto. Kampuni ya Britains ya London ilianza mwaka 1893 kusubu askari wa madini wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, na nyumba nyingi za Uingereza zikajaa majeshi madogo. H. G. Wells, mwandishi wa riwaya, akayachukua majeshi hayo, akaongeza kanuni na mizinga ya springi iliyorusha vijiti, na mwaka 1913 akatoa kitabu kiitwacho Little Wars. Wells hakupenda vita. Hoja yake ya mwisho katika kitabu kile ni kwamba mtu akicheza hivi vidogo mara chache tu atajionea jinsi vikubwa vilivyo vya ovyo na vya kupapasa gizani. Agosti ya mwaka uliofuata Ulaya ikaingia katika vita hivyo vikubwa. Ninaamini alisema kweli, na ninaamini pia kwamba waliohitaji kusikia hawakuwa sakafuni pamoja naye.

Mmarekani Charles Roberts ndiye aliyeyatoa haya kwa waungwana wachache na kuyatia katika boksi la dukani. Alitoa mchezo wa Tactics mwaka 1954, akaanzisha kampuni ya Avalon Hill huko Baltimore mwaka 1958, na kufikia 1961 ramani zake zilikuwa zimegawanywa kwa pembesita badala ya miraba, mtindo aliouona ukitumiwa na watafiti wa shirika la RAND. Pembesita ina faida kwamba kutoka katikati yake hadi katikati ya kila jirani umbali ni uleule. Tangu hapo ramani ya mchezo wa vita ikawa na sura ya sega la nyuki, na haijaiacha.

Jambo moja katika jarida la Dunnigan limenikaa rohoni kuliko mengine. Ndani ya toleo kulikuwa na kadi ya maswali. Msomaji aliulizwa kila makala ameipa alama ngapi, 1 hadi 9, na mchezo je. Kisha aliorodheshewa mapendekezo ya michezo ijayo, ayapime vivyo hivyo, airudishe kadi kwa posta. Kadi zilihesabiwa, na michezo iliyopendwa ndiyo iliyotengenezwa. Ni heshima kubwa kwa msomaji, na majarida machache yamewahi kuwaamini wasomaji wao kiasi hicho. Lakini waliorudisha kadi walikuwa karibu wote wanaume, na wengi wao Wamarekani. Waliomba vita walivyovijua: Gettysburg, Waterloo, Normandy, Stalingrad. Rafu zikajaa. Vita ambavyo wajukuu wake hawakuwa na anwani kwenye daftari la wateja vilisubiri, na vilipofika mezani vilifika kwa macho ya watu wa mbali.

Mwaka 1979 SPI hiyo hiyo ilitoa The Campaign for North Africa, kazi iliyoongozwa na Richard Berg. Ramani yake ukiitandaza yote inakaribia mita tatu. Kete ni 1,800 hivi. Wachezaji wanaopendekezwa ni kumi, watano kila upande, na muda uliokadiriwa ni saa 1,500. Marubani wanafuatiliwa mmoja mmoja. Petroli hupungua kwenye maghala kwa sababu ya kuvukizwa na joto la jangwani. Na kuna kanuni iliyopata umaarufu kuliko mchezo wenyewe: vikosi vya Italia vinahitaji mgawo wa ziada wa maji, ya kuchemshia tambi. Berg alikuja kusema kwamba kihistoria mambo hayakuwa hivyo hasa, na wachezaji wameichekea kanuni hiyo kwa miaka mingi.

Mimi naichukulia kwa uzito. Mtu aliyekaa chini akawaza kuhusu sufuria ya askari, akaiandikia kanuni, akampa mchezaji adhabu akiisahau, ameonyesha jinsi jicho la fani hii linavyoweza kwenda mbali likitaka. Linaingia jikoni. Linahesabu hata mvuke. Kwa hiyo pale ambapo watu fulani hawakuhesabiwa, haiwezekani kusema kwamba kanuni zilishindwa kuwafikia.

Vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918 vina kila kinachomvutia mchezaji. Kuna Tanga, 2 hadi 5 Novemba 1914: Waingereza wamekuja kwa meli na askari 8,000 hivi kutoka India, upande wa Wajerumani kuna kama elfu moja, wengi wao askari Waafrika, katikati kuna mashamba ya mpira na mizinga ya nyuki walioamshwa na risasi wakawavamia watu. Wavamizi wanarudi melini wakiacha nyuma bombomu, bunduki na risasi 600,000. Kisha kuna miaka minne ya kukimbizana, kamanda wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck akirudi nyuma kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akazunguka, mpaka kuweka silaha chini Abercorn, ndiyo Mbala ya Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Jeshi dogo, jeshi kubwa, nchi kubwa zaidi. Juu ya ramani ya pembesita mbio hizi zinapendeza mno.

Sasa weka juu ya ramani hiyo kanuni ya kawaida ya ugavi, ile inayorudiwa katika mamia ya michezo. Kikosi kimeshiba endapo unaweza kuchora mstari wa pembesita zisizo na adui kutoka kilipo hadi kwenye chanzo cha chakula na risasi, tuseme bandari au stesheni. Ukiweza kuuchora, zamu inaendelea. Ukishindwa, nguvu ya kikosi inapunguzwa. Mstari huo hauna uzito wala haugui. Katika ramani ya Ufaransa ni ufupisho unaokubalika, kwa kuwa nyuma yake kuna magari-moshi, malori na farasi. Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani kulikuwa na reli mbili za maana, ya Tanga hadi Moshi na ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Ukiziacha hizo, mbung'o waliwamaliza farasi na ng'ombe wa Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, kwa maelfu mwaka 1916, na mvua zikayazamisha malori kwenye tope. Kilichobaki ni vichwa na mabega ya watu. Ule mstari, kutoka mwanzo hadi mwisho, ulikuwa binadamu waliopangana njiani.

Tupige hesabu kama mbunifu angepiga. Mpagazi anajitwika kilo 27 hivi, ratili 60. Anakula kilo moja ya nafaka kwa siku, akipewa. Anatembea kilomita 20 kwa siku kama njia ni nzuri. Kituo kikiwa umbali wa siku kumi, atakula kilo kumi kwenda na kilo kumi kurudi, na atakazokabidhi ni saba. Askari mmoja anayekula kama yeye atashiba juma moja kwa safari hiyo ya siku ishirini. Maana yake wanahitajika wapagazi watatu njiani kwa kila askari mmoja, kwa chakula peke yake. Hatujagusa risasi, dawa, mahema, wala shehena ya maofisa wa Kizungu. Sogeza kituo mpaka siku kumi na nne, na mpagazi atafika mikono mitupu au arudi bila chakula. Hesabu hii ni yangu, ya kukadiria, lakini inatosha kuonyesha kwa nini Waingereza na washirika wao walichukua watu zaidi ya milioni moja kubeba mizigo, na kwa nini mwaka 1917 wakamsombasomba kila mwanamume waliyemfikia. Kambi ya wapagazi ya Dar es Salaam ndiyo Kariakoo ya leo. Ya Nairobi ni Kariokor. Wajerumani nao walitwaa wapagazi kwa maelfu mengi, na nyuma ya safu zao walikwenda pia wanawake na watoto wa askari, wakipika, wakibeba, wengine wakizaliwa njiani.

Wapagazi hawakufa sana kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, vichomi, baridi ya milimani kwa watu waliotoka bondeni, unga usioiva, chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea, na uchovu. Upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya wanahistoria wengi yanakaribia laki moja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikubali hadharani kwamba waliokufa wakiitumikia dola ya Uingereza katika vita vya kwanza vya dunia bila jina lao kuandikwa popote, au bila kukumbukwa kabisa, si chini ya 116,000 na huenda wakafika 350,000, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Hapo ndipo mstari wetu wa ugavi unapoanza kunisumbua. Ofisi ya kijeshi haikuandika majina kwa sababu iliwaona ni sehemu ya usafirishaji. Mchezo unaouchora mstari bila kuwapa kete unarithi daftari lile la ofisi jinsi lilivyo, na unalicheza upya kila Jumamosi.

Wanaocheza kwa vijisanamu badala ya kete wana nafasi nzuri zaidi ya kuliona hili, maana kijisanamu kina uso. Kuna makundi ya vijisanamu vya Afrika ya karne ya 19 na ya vita vya 1914, ukiwamo mkusanyiko wa kampuni ya Uingereza ya Wargames Foundry unaoitwa Darkest Africa, jina ambalo ningefurahi lizikwe. Miongoni mwao wapo wapagazi, wamesubiwa kwa urefu wa milimita 28 kutoka nyayo hadi machoni, mzigo kichwani. Mpaka rangi huanza kwa kumpiga rangi ya msingi, nyeusi au kahawia nzito. Kisha huupaka mwili tabaka la kahawia ya wastani, akiiacha ile nzito ibaki mahali penye vivuli: chini ya kidevu, kwenye makwapa, kati ya vidole vilivyoushika mzigo. Tabaka la tatu, jepesi, hugusa tu mifupa ya mashavu na misuli ya bega. Shuka huwa jeupe lililochafuka, maana jeupe tupu halipo safarini. Kamba ya mzigo hupakwa rangi ya katani, kisha maji ya rangi nyeusi yakapitishwa juu yake ili msokoto wake uonekane. Mwisho macho, kwa brashi ya nywele chache, pumzi imezuiwa. Kwa mtu mmoja jioni nzima inaweza kuisha.

Nani mwingine ametoa jioni nzima kumtazama mpagazi shingoni? Hilo ndilo linalonifanya niiheshimu kazi ya watu hawa hata wanapokosea. Lakini akishakauka, kanuni nyingi humweka nyuma ya meza kama alama ya shehena: yeye ni mzigo unaoweza kutekwa. Hana hatua ya uamuzi, hana hesabu ya njaa. Wachongaji wa sanamu za mjini walikuwa na tatizo lile lile. Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora, tangu 1927 amesimama askari mmoja wa shaba, singe mbele. Nairobi wamesimama watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Miji miwili, mchongaji yuleyule, na maamuzi mawili tofauti kuhusu nani anastahili kusimama juu ya jiwe.

Wapo wanaosema vita vya wakoloni visichezwe kabisa. Mwaka 2019 kampuni ya Marekani ya GMT Games iliondoa kwenye orodha yake mchezo uliokuwa unaandaliwa juu ya kugawana Afrika, baada ya watu kulalamika kwamba umelichukulia jambo zito kama utani. Naona walifanya sawa; mchezo unaomfanya mchezaji akusanye makoloni kwa furaha bila kuwaona wenye nchi ni uongo, hata namba zake zikiwa sahihi. Ila sikubali kwamba dawa ni kunyamaza. Kunyamaza ndiko tulikokuwa nako tayari. Mabuku ya majemadari yanaendelea kusomwa, ramani za mbio za Lettow-Vorbeck zinaendelea kuchorwa, na kijana wa Tanga au Songea anayekuja kuzipenda anakutana na babu yake akiwa mstari wa vitone.

Mchezo ninaoutaka hauhitaji ufundi usiokuwapo. Nipe ramani kutoka Nairobi hadi Quelimane ya Msumbiji. Nipe kete za askari kama kawaida, KAR (King's African Rifles), Wahindi, Wanigeria, Wabelgiji na watu wao wa Kongo, kombania za Wajerumani na ruga-ruga wao, wapiganaji wasio wa jeshi rasmi. Kisha nipe kete za wapagazi ziwe nyingi kuliko nyingine zote, zipangwe juu ya ramani pembesita kwa pembesita, maana ule mstari wa ugavi uwe wao wenyewe. Zamu ya jeshi isianze kabla mchezaji hajawalisha. Akishindwa, atoe kete mezani kwa mkono wake, na isiwe kwa dadu. Akitaka nyingine azichukue vijijini, na kila wilaya iwe na namba yake ya watu wa kulima. Akizichukua kabla ya mavuno, aandike.

Kuna kanuni moja zaidi ambayo ningepigania mbunifu aiweke, nayo ni ya kumaliza. Michezo ya vita hivi kwa kawaida ingefunga hesabu Novemba 1918: pointi za miji, pointi za vikosi, mshindi ni fulani. Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania ya leo, hapakufungwa hesabu siku ile. Majeshi yote mawili yalikuwa yamepita huko yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, mvua zikakosekana, na ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kutoka 1917 hadi 1920. Inakadiriwa kwamba kati ya watu 150,000 walikufa 30,000. Juu ya njaa hiyo yakaja mafua ya dunia nzima. Basi Lettow-Vorbeck akishaweka silaha chini, wachezaji wasiinuke. Waendelee na zamu za 1919 na 1920 pasipo jeshi hata moja kwenye ramani, wakisoma yale waliyoandika kuhusu kila wilaya, wilaya moja baada ya nyingine, Dodoma, Kondoa, Mpwapwa, Singida, wakitoa kete za watu wa kulima kwa kadiri walivyochukua. Pointi za ushindi zihesabiwe hapo.